Hakuna supamaketi rahisi, kuna bidhaa rahisi: namna ya kulinganisha bei bila kuchezewa akili

Kila mwisho wa mwezi hapa Mombasa utasikia watu wakibishana ati supamaketi gani ndiyo bei rahisi, mmoja anaapa ni Naivas, mwengine Quickmart, mwengine anakwambia yeye lazima apande tuktuk mpaka Carrefour ya City Mall Nyali manake huko ndiko kwenye bei, na ajabu ni kwamba wote watatu wanasema kweli. Kila mmoja anazungumzia vitu viwili vitatu anavyovikumbuka bei, na hivyo viwili vitatu ndivyo duka limevishusha makusudi ili avikumbuke. Hakuna supamaketi rahisi, kuna bidhaa rahisi, na bidhaa yenyewe leo iko hapa wiki ijayo iko kule. Ukishalishika hilo yaliyobaki ni hesabu tu, tena hesabu za shule ya msingi, simu yako inazo.

Hebu jipime kidogo. Bei ya unga wa sima unaijua kwa kichwa, sukari unaijua, maziwa, mafuta ya kupikia, mkate, pengine na mchele. Haya sasa niambie bei ya dawa ya meno, vibiriti, sosi ya nyanya, dawa ya mbu, bizari ya pilau, vijiti vya meno, sponji la kuoshea vyombo. Umenyamaza eh? Basi na wao wanajua umenyamaza. Unga na sukari ndio chambo, bei yake inabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kama mlango wenyewe, na faida ya hapo inaweza kuwa ndogo sana au hakuna kabisa, lakini hawana wasiwasi kwa sababu wanajua mtu akishashika toroli hatoki na unga peke yake. Kilichopunguzwa kwenye unga kinarudi kwenye sponji na sosi. Na mimi siwalaumu, biashara ni biashara, ila hakuna sheria inayokulazimisha umeze na ndoana, unaweza kuchukua unga wa ofa na sukari ya ofa ukaenda zako.

Orodha ya vitu ishirini

Usijaribu kulinganisha duka zima utachoka siku ya kwanza. Toa risiti zako za nyuma uziweke mezani uziangalie, utaona ni vitu vilevile vinavyojirudia, kwa nyumba nyingi havizidi ishirini na ndivyo vinavyokula pesa: unga, mchele, sukari, mafuta, maziwa, majani ya chai, mkate, sabuni ya mche, sabuni ya unga, tishu, dawa ya meno, nepi kama kuna mtoto, mayai, maharagwe, ngano, tambi. Kama huna risiti anza kuziweka kuanzia leo, usiziache pale kwa keshia.

Halafu fungua noti kwenye simu, kila kitu andika jina, uzito, bei, duka na tarehe. Tarehe watu huwa wanaisahau na ndiyo yenye maana kuliko yote, manake bila tarehe hutajua kama hii "ofa" ya leo ndiyo bei ya kawaida ya mwezi uliopita. Ukiwa dukani ni rahisi zaidi kupiga picha ya lebo kwenye rafu, picha moja ina bei, ina uzito, na simu inaweka tarehe yenyewe. Kwa kawaida hakuna anayekuzuia ukipiga lebo, na akitokea mlinzi wa kukuuliza mwambie unamtumia mama nyumbani achague, atakuacha.

Na si lazima uzunguke mji mzima. Naivas, Quickmart na Carrefour wote wanauza mtandaoni, kaa zako barazani na kahawa, tafuta vitu vyako ishirini, andika. Bei ya mtandaoni na ya tawi lako inaweza kupishana kwa hivyo ichukue kama dira tu. Ukiagiza uletewe, angalia jumla ya mwisho pamoja na ada ya kuletewa na ada zile nyengine ndogondogo zinazojitokeza pale chini dakika ya mwisho, na ukiagizia programu ya wale wapelekaji wa pikipiki, bei ya bidhaa yenyewe inaweza kuwa juu kuliko ya dukani kabla hata hujafika kwenye ada.

Hapo hapo tia na nauli. Mtu anaokoa shilingi 60 kwenye mafuta anapanda tuktuk ya 200 kwenda na kurudi, halafu anarudi nyumbani amefurahi! Ukitaka kwenda duka la mbali, nenda siku una shughuli nyengine upande huo, ununue vitu vya mwezi mzima vilivyo rahisi huko, basi.

Bei ya paketi haina maana, tafuta bei ya kilo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hivyo tulia kidogo. Paketi mbili zimekaa pamoja, moja 164 nyengine 79, jicho linakwambia ya pili rahisi, au linakwambia ya kwanza rahisi kwa sababu ni kubwa, yote mawili ni kubahatisha. Gawa. Ya kwanza ni kilo 2 kwa 164, yaani 82 kwa kilo. Ya pili kilo 1 kwa 79. Kwa hivyo paketi mbili za kilo moja ni 158 na umeokoa 6, na unga ni uleule. (Bei zote ninazoweka hapa ni za mfano wa hesabu tu, zako utaziona rafuni.) Sisi sote tumelelewa tukiamini kikubwa ndicho rahisi, na mara nyingi ni kweli, lakini duka linajua unaamini hivyo kwa hivyo mara mojamoja kikubwa kinapandishwa kidogo na hakuna anayeshtuka. Mafuta ndiyo mabingwa wa mchezo huu. Tuseme lita 1 ni 315, lita 2 ni 599, lita 3 ni 939. Ya lita 2 inatoka 299 na senti, ya lita 3 inatoka 313. Mtungi wa katikati ndio rahisi, na mtu aliyebeba ule mkubwa karibu amelipa bei ya chupa mojamoja.

Kwa vipimo vidogo kuna njia za mkato. Gramu 500 zidisha bei mara 2, gramu 250 zidisha mara 4, gramu 200 mara 5, gramu 400 mara mbili na nusu, gramu 750 gawa kwa 3 halafu zidisha kwa 4. Vikija vile vipimo vya ajabu kama gramu 340 au 175, na mimi nashuku huwekwa hivyo makusudi visigawike kichwani, toa simu: bei gawa gramu zidisha 1,000. Lebo nyengine zina bei ya kilo kwa maandishi madogo pale pembeni, iangalie kama ipo, ila ukikuta moja imeandikwa kwa kilo na jirani yake kwa gramu 100 jua unahitaji kuhesabu tena.

Gramu 100 hiyo nayo ina watu wake. Korosho, jibini, nyama za kukatwa, zabibu kavu, tende za kupima. Unaona 180 unasema ah, hii naiweza, unamwambia "nitilie kidogo" na huyo kijana mkono wake mzito, ukifika kwenye tili ni 720 kwa sababu 180 ile ilikuwa ya gramu 100, yaani korosho za 1,800 kwa kilo. Kabla hajatia mwambie kiasi kwa gramu au kwa pesa, "nipe za mia mbili", usiseme kidogo.

Mafuta na samli za kopo. Mafuta ya maji yanauzwa kwa lita, yale ya kuganda yanauzwa kwa kilo au gramu, na lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 920 hivi. Kwa hivyo lita 1 kwa 310 na kopo la kilo 1 kwa 330, rahisi ni lile kopo, manake yale ya lita ukiyageuza kwa kilo yanafika 337. Sisemi upike na ya kuganda, hayo ni ya daktari wako na sufuria yako, nasema usilinganishe lita na kilo kana kwamba ni kitu kimoja.

Tishu usihesabu roli. Roli kumi za karatasi 200 ni karatasi 2,000, roli kumi za karatasi 160 ni 1,600, na kwa macho zote ni bunda moja la roli kumi, tena ile yenye karatasi chache huwa imesokotwa kilegevu ionekane nene. Geuza bunda usome nyuma: karatasi ngapi, plai ngapi, yaani tabaka ngapi. Kama ya kwanza ni 300 na ya pili 270, ya kwanza unapata karatasi 100 kwa shilingi 15, ya pili kwa karibu 17. Nepi vivyo hivyo, gawa kwa idadi ya nepi, na usisahau saizi ikipanda idadi ndani ya paketi inashuka ilhali bei imesimama palepale.

Paketi inayokonda

Bei haikupanda, kilichopungua ni mzigo. Maziwa ya paketi ndiyo mfano ulio mbele ya kila mtu, umezoea nusu lita, halafu rafuni utakuta paketi ya mililita 500 na ya mililita 450 zimekaa bega kwa bega zikifanana kimo na rangi, tofauti ya bei shilingi tatu nne. Tuseme 500 ni 60 na 450 ni 57: ya kwanza ni shilingi 12 kwa kila mililita 100, ya pili inakaribia 12 na senti 70. Ile inayoonekana rahisi ndiyo ghali, na kwa nyumba ya paketi tatu kwa siku umekosa karibu kikombe kizima cha chai kila siku. Sabuni ya mche nayo, mtu anasema "mche mmoja" kama zamani wakati leo kuna mche wa kilo, wa gramu 800, wa 700 na hata chini ya hapo, na zote urefu wake mkononi haupishani sana, kinachopungua ni upana. Biskuti, mkate, majani ya chai, hadithi ni hiyohiyo.

Kisheria hapo huna kesi. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, ile Sura ya 513, inataka bidhaa ya paketi iandikwe uzito wake halisi, na ikiandikwa gramu 450 na ndani ni gramu 450 hakuna aliyekuibia, wewe ndiye hukusoma. Kesi unayo pale kinachoandikwa na kilichomo havilingani. Sehemu ya mboga pale supamaketi kuna mizani, pandisha hapo paketi yako ya mchele au maharagwe uliyofungiwa na duka lenyewe uone, hasa hizi zinazofungwa nyuma na kubandikwa stika. Mimi hupima, wananiangalia, na waniangalie.

Samaki na kamba wa barafu pima kwa akili. Kamba akigandishwa hutiwa maji yakamganda juu, na hayo maji yanapanda mizani pamoja naye, ukimyeyusha nyumbani unabaki na kamba wachache na bakuli la maji. Soma kama paketi inataja uzito bila barafu. Lakini wewe uko Pwani, wavuvi wapo, sijui kamba wa kwenye friji ya supamaketi unamtafutia nini.

Duka limepangwa likutembeze

Unga, sukari, maziwa, mafuta viko wapi? Mwisho kabisa wa duka, au pembe mbili tofauti. Hiyo haikutokea kwa bahati. Wanataka upite biskuti, juisi, vyombo, mashuka, ufike kwenye sukari ukiwa tayari una vitu vitano ambavyo hukuvijia. Mlangoni unapokewa na matunda yanayong'aa na harufu ya mikate inayotoka jikoni, na mtu mwenye njaa akinusa mkate mkono unalegea, kwa hivyo dawa ya kwanza ni kula kabla ya kwenda. Wakati wa Ramadhani ukienda saa kumi na moja jioni na saumu yako, ndugu yangu, hakuna noti ya simu itakayokuokoa.

Toroli nayo imekuwa kubwa kiasi kwamba vitu sita vinaonekana aibu ndani yake. Kama unakwenda kununua vitu sita chukua kikapu cha mkono, kikianza kuuma mkono ndiyo alama ya kutoka.

Rafu usawa wa macho ndiyo rafu ya bei. Inama. Chini kabisa, karibu na vumbi, ndiko zinakokaa brandi zisizotangazwa na paketi kubwa za bei nzuri, na juu kabisa hivyohivyo. Usawa wa macho ya mtoto aliyekaa kwenye toroli kuna peremende na vyakula vya katuni, hilo kila mzazi analijua na hakuna ushauri wowote zaidi ya kumwacha na bibi yake.

Zile nafasi za mwisho wa rafu, pale unapopiga kona unakuta mlima wa soda au sabuni umejengwa kama mnara, watu huchukua wakidhani ni ofa. Mara nyengine ni ofa kweli, mara nyingi ni bei ya kawaida tu isipokuwa imejengwa mnara. Na nafasi hizo si za bure, kwa kawaida kampuni yenye bidhaa huwa imetoa kitu kupata nafasi nzuri, iwe malipo iwe punguzo. Mambo haya ya duka na wauzaji wake yana mvutano mkubwa nyuma ya pazia kuliko tunavyodhani: Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour hapa nchini faini ya kama shilingi bilioni 1.1 baada ya malalamiko ya wauzaji wawili, Woodlands wa asali na Pwani Oil wetu wa huku, mambo ya kudaiwa punguzo na ada za kuingizwa rafuni. Gharama kama hizo zikimfika mtengenezaji lazima atazitafutia pa kuziweka, na pa kuziweka mwisho ni kwenye bei yako.

Na wale vijana wanaokufuata na kukwambia "mama jaribu hii, iko na ofa", angalia tisheti zao. Wengi si wafanyakazi wa duka, wameletwa na kampuni ya hiyo sabuni au hayo mafuta, kwa hivyo ukimuuliza ipi bora atakwambia yake, angesema nini tena? Ni watu wazuri, wanatafuta riziki, ila swali la ipi rahisi usimuulize yeye.

Brandi za duka lenyewe, zile zenye jina la supamaketi, usizidharau. Geuza paketi usome nani kaitengeneza au kaifunga, si mara moja utakuta ni kiwanda kilekile kinachotengeneza ile yenye jina kubwa. Kwa chumvi, sukari, vibiriti, tishu, foili, mimi sioni sababu ya kulipia jina. Kwa majani ya chai hapana, hapo kila mtu na ulimi wake.

Ofa, stika nyekundu na shilingi tisa

Rangi siyo bei. Lebo ya njano au nyekundu inasema "niangalie", haisemi "nimepunguzwa", soma kilichoandikwa. Ikiwa "ilikuwa 450 sasa 399", fungua noti yako uone mwezi jana ilikuwa ngapi, na kama ilikuwa 400 basi umepunguziwa shilingi moja, hongera. Nunua mbili upate moja, gawa bei ya mbili kwa tatu halafu linganisha na brandi ya jirani, mara nyingi brandi ya jirani bado iko chini bila ofa yoyote. Na ujiulize utazitumia lini hizo tatu. Vitu vilivyofungwa pamoja kwa selotepu, sabuni ya unga na ndoo, majani ya chai na kikombe, angalia kama paketi iliyofungwa ni saizi ileile unayonunua siku zote, wakati mwengine kikombe "cha bure" kimekuja na paketi ndogo zaidi. "Kila mteja asizidi vipande 3" inaweza kuwa kweli wanazuia wenye maduka wasibebe zote, na unga ukiadimika huwa hivyo, lakini ukiona kwenye shampuu jua wanataka tu uchukue tatu badala ya moja.

Bei za 199, 299, 999 hizo tumezizoea, soma 200, 300, 1,000. Kinachonikera mimi ni ile shilingi moja ya chenji ambayo hupewi, unapewa peremende au unaambiwa hakuna sarafu. Lipa kwa M-Pesa inakatwa hasa.

Kadi za pointi chukua, ni bure, ila usizinunulie kitu. Fanya hesabu ya kadi yako: tuseme unapewa pointi moja kwa kila shilingi 100 na pointi ni shilingi moja, basi ukitumia 10,000 umepata 100, asilimia moja. Sukari ikiwa rahisi kwa shilingi 15 duka la pili, pointi hazikurudishii hiyo. Na pointi si pesa mpaka uzitumie, kwa hivyo zitumie zikishafika kitu, usiziweke kama akiba ya mahari. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa kila mahali na kadi zake kila pochi, ilipokwisha mwaka 2020 kadi zikabaki plastiki.

Ramadhani kwetu huku ndiyo msimu wenyewe. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama utakuta mlangoni taa, mapambo ya mwezi na nyota, tende zimepangwa mpaka juu, Vimto, ngano, tambi, sukari. Tende za boksi ziko za gramu 400, 500 na kilo, na boksi lenye picha ya msikiti na dirisha la plastiki unalilipia hilo dirisha. Hesabu kwa kilo halafu pita soko la Marikiti uulize za kupima kabla hujanunua. Sukari na ngano za ofa za Ramadhani huwa nzuri kweli kwa sababu ndizo chambo cha msimu, chukua, lakini angalia kiasi. Joto letu na unyevu huu wa bahari, ngano ikikaa miezi miwili ina fukusi, sabuni ya unga inakuwa jiwe, chumvi inalia maji. Aliye bara anaweza kununua bunda la unga akaweka stoo, wewe wa Majengo au Likoni nunua utakachomaliza.

Soko na duka la mtaani

Kuna vitu havina haja ya kushindanisha supamaketi kwa sababu hazishindi. Nyanya, vitunguu, viazi, mboga, ndizi, machungwa, ni soko la Kongowea, na ukienda na jirani mkagawana gunia la viazi ndiyo raha zaidi. Shida ya soko ni kwamba kunauzwa kwa fungu na kwa debe, huwezi kulinganisha fungu na kilo, kwa hivyo mara moja tu peleka fungu lako nyumbani ulipime, ujue fungu la nyanya la 50 linatoa gramu ngapi, baada ya hapo jicho litajua. Viungo vya pilau na bizari ni Marikiti, vile vichupa vya supamaketi vyenye gramu 50 ukivigeuza kwa kilo utakaa chini. Mchele ukinunua kwa wingi nenda maduka ya jumla, muulize bei ya gunia la kilo 25, gawa, halafu ushirikiane na ndugu.

Duka la mtaani kwa kawaida liko juu kwa shilingi chache, na hizo shilingi chache ni nauli na muda wako, sioni tatizo. Halafu likukopeshe mpaka tarehe tano, ipi supamaketi itafanya hivyo? Pale pa kuangalia ni vya kadogo, mafuta ya kupima ya bob 20, sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Kwa kilo mara nyingi ndivyo ghali kuliko vyote, lakini si kila mara, kuna vijipakiti vya sabuni vya shilingi kumi ambavyo ukivihesabu vinaishinda paketi ya nusu kilo. Hesabu, usidhani.

Kwenye tili

Hapa ndipo watu wanapopoteza walichookoa duka zima. Bei ya rafuni na bei ya kompyuta hupishana, hasa siku ofa inapoanza na siku inapokwisha, lebo inasema 259 mashine inasema 289. Sitaki kusema ni wizi, mara nyingi ni lebo haikubadilishwa, ila ajabu yake mimi naona hukosewa upande mmoja. Weka vitu vya ofa mwisho kwenye mkanda ili uviangalie kimoja kimoja vikipita, simama upande unaoona skrini, usianze kupekua simu. Ile picha ya lebo uliyopiga ndiyo shahidi wako, mwonyeshe keshia, na akisema hawezi kubadilisha nenda meza ya huduma kwa wateja na risiti kabla hujatoka nje, omba wakurudishie tofauti au uache bidhaa. Sema kwa upole lakini usiondoke. Angalia pia kitu kimoja kisipite mara mbili, na mboga za kupimwa zisipewe namba ya kitu chengine, ndizi mbivu zikalipiwa bei ya tufaha.

Mfuko utauziwa, tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 kila safari ni shilingi kadhaa, beba kikapu chako cha ukili.

Wakikataa kabisa kukurudishia na ushahidi unao, Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko ya wateja, na kwa mizani na uzito kuna maafisa wa vipimo, wa serikali kuu na wa kaunti. Peleka picha ya lebo, risiti, na paketi yenyewe usiifungue.